Kabla hujapakua kile kitabu cha D&D, soma hii

Ukialikwa kwenye meza ya Dungeons & Dragons hapa Nairobi, iwe ni Roysambu, South B au kwenye bweni la chuo, kuna jambo linaweza kutokea hata kabla dadu ya kwanza haijarushwa. Utamwuliza mwenyeji, "Sasa kanuni za hii game nazisoma wapi?" Naye atakujibu bila kuinua macho kwenye simu: "Ingia Telegram, nakutumia." Dakika mbili baadaye una folda yenye vitabu 200, vyote vya bwerere, vingine vya michezo ambayo hutaicheza hata ukiishi miaka mia.

Hakuna anayeshtuka. Tumekulia kwenye maduka ya movie za shilingi hamsini, tumesoma chuo kwa vitabu vya fotokopi, na wengi wetu tunaamini, ingawa hatusemi, kwamba faili haina mwenyewe. Leo nataka tuulizane kuhusu hilo. Sina nia ya kukuita mwizi. Hilo neno limepigiwa kelele sana na kampuni za muziki na filamu hadi limechakaa. Ila nadhani kuna mahali tunajidanganya, na wanaoumia si wale tunaowafikiria.

Kwa wewe ambaye bado hujaingia kwenye huu ulevi, acha nikueleze haraka. D&D ni mchezo wa mezani usio na mshindi. Mtu mmoja, anayeitwa DM, ndiye msimulizi. Wengine kila mmoja ana mhusika wake: mchawi, askari, kasisi, mwizi wa mfukoni. DM anasema mmefika mlangoni pa pango, nyinyi mnaamua mnafanya nini, kisha dadu ya pande 20 inaamua kama mmefaulu. Nyanya zetu walisema "Paukwa!" nasi tukajibu "Pakawa!" Tofauti ni kwamba hapa mjukuu anaruhusiwa kumkatiza nyanya na kusema, hapana, mimi sikubali kumezwa na zimwi, nachomoa panga. Toleo la kwanza lilitoka Marekani mwaka wa 1974, vijitabu vitatu ndani ya kisanduku, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson, nakala 1,000 tu. Leo mwenye mchezo ni Wizards of the Coast, kampuni ambayo Hasbro ilinunua mwaka wa 1999.

Sasa tupige hesabu, kwa sababu bila hesabu huu mjadala unakuwa mahubiri.

Toleo jipya la Player's Handbook, lililotoka Septemba 2024, lina kurasa 384 na linauzwa dola 49.99. Kwa kiwango cha Sh129 kwa dola, hiyo ni karibu Sh6,450. DM anahitaji viwili zaidi, Dungeon Master's Guide na Monster Manual, kila kimoja kwa bei hiyo hiyo. Jumla inafika Sh19,350, na bado hujalipia usafirishaji wala VAT ya asilimia 16 ambayo vitabu vimekuwa vikitozwa hapa kwetu tangu ile sheria ya 2013. Kima cha chini cha mshahara wa kibarua jijini Nairobi, kilivyoongezwa mwishoni mwa 2024, kilikuwa Sh16,113 na senti kadhaa kwa mwezi. Yaani vitabu vitatu vya mchezo vinazidi mshahara wa mwezi mzima wa mtu mzima.

Wizards wana makao yao Renton, katika jimbo la Washington. Mwaka wa 2025 kima cha chini cha jimbo hilo kilikuwa dola 16.66 kwa saa. Kijana anayeuza kahawa kwa mshahara huo anafanya kazi saa tatu na kitabu ni chake, pungufu ya senti moja. Kibarua wetu anayeamka Rongai saa kumi alfajiri kuja kazini mjini, ukigawa mshahara wake kwa siku 26 za kazi, anahitaji zaidi ya siku kumi bila kula, bila kodi ya nyumba na bila kupanda matatu. Na bado bei ni ile ile kwa mtu wa Renton na mtu wa Rongai.

Kwa hivyo msee akiniambia vitabu hivi ni ghali, sibishani naye. Ni ghali. Na wachapishaji wenyewe wana sehemu yao ya lawama, kwa sababu kuna kampuni za michezo ya kompyuta ambazo zimeuza kwa bei tofauti katika nchi tofauti kwa miaka mingi, na dunia haijaanguka. PDF haipandi meli. Haipitii bandari ya Mombasa. Sioni sababu ya mtu kuniuzia faili kwa bei ya Seattle.

Lakini angalia kitu kimoja ambacho watu wa Telegram huwa hawakutajii. Hiki si kitabu cha udaktari ambacho usipokuwa nacho utafeli mtihani na nyumbani wauze ng'ombe mwingine. Huu ni mchezo, na kanuni zake tayari zimetolewa bure, kihalali, na wenyewe.

Sifanyi utani. Wizards wana kitu kinaitwa SRD, waraka wa karibu kurasa 400 wenye kanuni za kucheza, aina za wahusika, uchawi na majini na mazimwi kibao. Tangu Januari 2023 toleo la 5.1 liko chini ya leseni ya Creative Commons. Maana yake ni kwamba unaweza kulipakua, kulichapisha, kumpa rafiki, kulitafsiri kwa Kiswahili au Kijaluo, hata kuuza kazi yako iliyojengwa juu yake, mradi utaje chanzo. Mwaka wa 2025 wakaongeza toleo la 5.2 linaloenda na vitabu vipya. Hakuna askari atakayekujia. Hakuna kanuni uliyovunja.

Na hao ni wakubwa tu. Kanuni zote za Pathfinder ziko kwenye tovuti ya Archives of Nethys, kwa baraka za Paizo, wachapishaji wake. Ironsworn ya Shawn Tomkin, iliyotoka 2018, ni bure kabisa, na unaweza kuicheza ukiwa peke yako kejani stima zikipotea. Cairn ni bure. Basic Fantasy ni bure tangu zamani, na kitabu chake cha karatasi kinauzwa kwa bei ya kukichapisha tu. Halafu kuna Lasers & Feelings ya John Harper, mchezo mzima wa safari za angani kwenye ukurasa mmoja. Mmoja! Ukiingia saiba yoyote hapa mtaani, wanakuchapishia kwa shilingi kumi na jioni nzima imepatikana.

Ndiyo maana hoja ya umaskini, ambayo naiheshimu sana kwenye vitabu vya shule na dawa, inakosa miguu hapa. Mwanafunzi anayerudufu kitabu cha sheria cha Sh8,000 hana mlango mwingine. Wewe unayo milango kumi iliyoachwa wazi na wenye nyumba, lakini umepitia dirishani kwa sababu dirisha liko karibu na simu yako.

Hapo kuna mtu ataniambia: lakini kunakili si kuiba. Ukichukua kuku wangu, mimi nabaki bila kuku. Ukinakili PDF yangu, PDF bado ninayo. Nani amepoteza nini?

Ni hoja nzuri, na mahakamani pia kunakili na kuiba ni makosa mawili tofauti. Ila hebu ipeleke kwa fundi wa nguo pale Gikomba. Umempelekea kitambaa chako, amekushonea suti siku nzima, kisha unaondoka nayo bila kulipa. Ukiulizwa unasema kitambaa kilikuwa changu, uzi ni wa shilingi ishirini, cherehani yako bado unayo, sasa umepoteza nini? Fundi atakujibu vizuri, pengine kwa mkasi. Amepoteza siku. Mwandishi wa kitabu cha kanuni naye huuza siku zake: siku za kuandika, kujaribisha mchezo na makundi ya watu, kugundua kwamba mchawi ana nguvu kupita kiasi, kurudi kuandika upya, kumlipa mchoraji, kumlipa mhariri. Faili ndiyo inayonakilika. Zile siku hazinakiliki.

Sasa tuje kwa ile hoja tamu kuliko zote, ile ambayo kila mbogi inaipenda: "Hasbro ni matajiri, waache walie."

Nikwambie ukweli, mimi mwenyewe sikosi usingizi kwa ajili ya Hasbro. Desemba 2023, wiki mbili kabla ya Krismasi, walitangaza kufuta kazi watu wapatao 1,100. Na mwandishi wa kujitegemea anayechangia kitabu cha kampuni kubwa kwa kawaida hulipwa kwa neno, mara moja, basi. Kitabu kikiuza nakala mia au milioni, hundi yake haibadiliki. Kwa hivyo usije ukafikiri kila dola unayoituma Renton inaingia mfukoni mwa aliyeandika. Mimi hoja hii siikatai kwa sababu ya huruma kwa tajiri. Naikataa kwa sababu mbili nyingine.

Ya kwanza ni kilichotokea Januari 2023. Tangu mwaka wa 2000 kulikuwa na leseni ya wazi, OGL, iliyowaruhusu waandishi wadogo kote duniani kutengeneza vitabu vinavyoendana na D&D. Kisha rasimu ya leseni mpya ikavuja. Ilitaka wanaoingiza zaidi ya dola 750,000 kwa mwaka walipe hadi asilimia 25 ya kinachozidi hapo, na ilitaka kuifuta ile leseni ya zamani. Watu waliwaka. Unajua walifanya nini? Walifungua akaunti zao za D&D Beyond, ile huduma ya kulipia ya kampuni, wakabonyeza kufuta usajili. Wengi sana. Kampuni ilipoomba maoni, zaidi ya watu 15,000 walijibu. Tarehe 27 mwezi ule ule, kampuni ilirudi nyuma, ikaacha leseni ya zamani ilivyokuwa na kuziweka kanuni kwenye Creative Commons, mahali ambapo haiwezi kuzirudisha tena. Yaani ule waraka wa bure niliokutajia juu ulipatikana kwa vita.

Waliopigana vita hivyo ni wateja. Msee wa Telegram alikuwa na usajili gani wa kufuta? Angetishia kuacha kununua nini? Ndiyo sababu nacheka nikisikia mtu akiita folda yake maandamano. Kampuni haioni maandamano yako, ndugu yangu. Kwenye vitabu vyake vya hesabu wewe haupo: si mteja aliyekasirika, si mteja aliyehama, si soko la Afrika Mashariki linalostahili bei yake. Ukitaka siku moja wapunguze bei kwa ajili yetu, itabidi kwanza waone kwamba tupo.

Sababu ya pili ni kwamba folda haichagui. Ebu ifungue uangalie. Pembeni ya Monster Manual kuna zine ya kurasa 24 iliyoandikwa na mtu mmoja, usiku, baada ya kazi, akaichora mwenyewe na kuiuza dola tano. Tulianza kwa kusema tunamchukulia tajiri, na tukamzoa huyu pia, kwa kubofya kumoja, bila hata kusoma jina lake.

Tumfanyie huyu hesabu, maana hesabu yake ni fupi. Akiuza kupitia itch.io, tovuti yenyewe humwachia muuzaji aamue itakata kiasi gani, na asipobadilisha ni asilimia 10. Kwa dola tano anabaki na dola 4.50 kabla ya ada za malipo. Tuseme kundi la watu 300 limeshiriki kazi yake, na tuseme 290 hawangewahi kuinunua hata kwa mtutu wa bunduki. Nakubali kabisa, hao hakupoteza kwao chochote. Wabaki kumi. Kumi hao ni dola 45, takriban Sh5,800. Kwa Hasbro hiyo ni vumbi. Kwa mtu mmoja mwenye meza moja na taa moja, ndiyo tofauti ya kuandika kijitabu cha pili au kuamua kwamba usiku ni wa kulala.

Na huyo mtu mmoja, siku hizi, anaweza kuwa wa Nairobi.

Hapa ndipo jambo hili linaniuma. Tuna simulizi za kumwaga. Magofu ya Gede yamekaa msituni yakingoja kampeni. Lamu, Pate, reli ya Mombasa na simba wa Tsavo, Luanda Magere na kivuli chake, watu wa pwani na majini yao, matatu za usiku za Rongai ambazo zenyewe ni pango lenye majoka. Kijana anayetaka kuandika mchezo wa mezani kuhusu haya hahitaji mchapishaji wala kibali. Kanuni za kuanzia ziko bure na leseni inamruhusu kuuza. Anaweza kupokea pesa kwa PayPal, na tangu 2018 PayPal inaongea na M-Pesa. Njia ipo. Kinachokosekana ni watu kumi wa kwanza walio tayari kulipa.

Watatoka wapi? Kwa kawaida hutoka kwenye zile meza za nyumbani, wale wanaomjua. Sasa fikiria amemaliza kitabu chake, ameweka bei ya Sh400, ametuma kiungo kwenye kundi. Kundi ambalo kwa miaka mitano halijawahi kulipia kitu. Mtu mmoja atanunua, kwa moyo safi, na kabla ya jioni atakuwa amekiweka kwenye folda "ili wasee wasaidike." Hatakuwa na ubaya wowote. Atakuwa anafanya tu kile ambacho mkono umezoea. Waandishi wetu wa riwaya wanalijua hili vizuri: PDF za vitabu vyao huzunguka WhatsApp zikiwa na salamu za asubuhi juu yake, na anayezituma ndiye yule yule anayelalamika kwamba Wakenya hawaandiki.

Sitaki kukuonyesha kwamba kila kitu ni cheusi na cheupe. Kumkopesha rafiki kitabu ulichonunua si uharamia. Meza nzima kutumia kitabu kimoja si uharamia. Ndivyo mchezo ulivyokusudiwa kuchezwa. Wazo la mchezo nalo halina hakimiliki. Hakuna anayemiliki wazo la kurusha dadu na kuongeza nambari. Kinacholindwa ni maneno, michoro na mpangilio, na Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 huwalinda pia waandishi wa nje kupitia mkataba wa Berne ambao nchi yetu imeukubali. Kuna pia wachapishaji wanaotaka uwasambazie: Posthuman Studios, wenye Eclipse Phase, waliweka kitabu chao chini ya leseni ya Creative Commons na kuwaambia wasomaji wagawane wapendavyo mradi wasikiuze. Soma ukurasa wa pili wa kitabu kabla hujajihukumu.

Halafu kuna vitabu vilivyokufa. Kampuni ilifungwa, mwandishi hajulikani aliko, nakala ya mwisho iliuzwa miaka thelathini iliyopita. Mtu akiniuliza kuhusu skani ya kitabu kama hicho, nitamwambia sheria inakataa, ila mimi simwoni aliyeumia. Na wakati mwingine wachapishaji wenyewe ndio wanaotusukuma. Aprili 2009 Wizards waliondoa PDF zao zote sokoni ghafla, wakisema ni kwa sababu ya uharamia, wakawashtaki watu wanane waliodaiwa kusambaza Player's Handbook 2. Matokeo? Maharamia walibaki na faili zao kama kawaida. Mtu mwaminifu ndiye aliyekosa pa kununua, hadi PDF za zamani ziliporudi mwaka wa 2013. Ukifunga duka kwa sababu ya wezi, wanaolala njaa ni wateja. Hata leo, vile vitabu vitatu vikuu hawaviuzi kama PDF. Ukinunua kwenye D&D Beyond unalipa karibu dola 30, na unachopata ni ruhusa ya kukisomea kwao. Mimi hilo silipendi, na nikipata nafasi ya kuwaambia nitawaambia.

Yule ambaye simpi udhuru hata kidogo ni mtu anayekuuzia folda. Unamjua. "Sh100 tu boss, vitabu vyote, nakutumia kiungo cha Drive." Huyu hana hoja ya umaskini, wala ya kupenda maarifa yawe huru. Ni mfanyabiashara ambaye hajanunua mali. Na wewe unayemlipa umeshathibitisha kwamba Sh100 unazo, ila umeamua zimfikie kila mtu isipokuwa aliyeandika.

Kuhusu "sina kadi ya benki," tafadhali tuiache hiyo ilale. Ilikuwa kweli zamani. Tangu 2022 M-Pesa ina kadi ya Visa ya mtandaoni ndani ya simu yako, na inalipa.

Sasa kwenye meza yako mnafanyaje? Nitakwambia mbogi yetu tunavyofanya, uchukue kinachokufaa. Tuko watano. Kampeni mpya tunaianza kwa kanuni za bure, kila mara, hadi tujue kama mchezo unatushika. Mingi haitushiki. Kwenye kikao cha nne au cha tano, kama bado tunarudi, tunachanga na kununua kitabu kimoja. Sh6,450 kwa watu watano ni Sh1,290 kwa kichwa, mara moja kwa mwaka. Mmoja wetu alilalamika kwamba ni nyingi, tukamwuliza Aviator ilikula ngapi wikendi iliyopita. Akanyamaza, akatuma.

Kwa zile zine ndogo za dola mbili au tatu hatuna mchango, kila mtu anajinunulia, na ukiwa umesota kuna njia ambayo watu wetu wengi hawaijui. Kwenye itch.io waandishi wengi wa michezo ya mezani huweka kitu kinachoitwa nakala za jamii. Wengine kila mtu mmoja akinunua, nakala moja ya bure huongezwa kwa ajili ya asiye na uwezo. Huulizwi payslip. Unabofya, unachukua, mwandishi anajua umechukua na amefurahi. Tovuti hiyo hiyo, Juni 2020, iliuza kifurushi cha kazi zaidi ya 1,700 kwa kuanzia dola tano, michezo ya mezani ikiwemo, na kukusanya zaidi ya dola milioni nane kwa ajili ya haki za watu weusi Marekani. Mtu wa Nairobi aliyetoa Sh500 na ushee siku hizo ana vitabu halali vya kumtosha hadi apate wajukuu.

Basi ukiingia pale leo jioni, angalia chini ya bei, hapo ndipo nakala za jamii huorodheshwa. Zikiwa zimeisha, mwandikie mwandishi, wengi huacha anwani. Mwambie uko Kenya, mwambie dola ni ngapi kwetu, mwambie meza yenu ina watu wangapi. Na kama wewe ndiye unayeandika ule mchezo wa Gede, weka bei yako kwa shilingi akilini, weka nakala ishirini za jamii, kisha nitumie kiungo. Sio faili. Kiungo cha kulipia.